Duka dogo la nguo mtandaoni na bajeti finyu ya matangazo: fedha ianzie wapi?

MWANZISHA UZI

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Swali hili limeulizwa humu mara nyingi kwa maneno tofauti. Mtu amefungua duka dogo la nguo mtandaoni, mzigo anao, ukurasa anao, fedha ya matangazo ni kidogo sana, naye anataka kujua aielekeze wapi. Majibu anayopewa huwa ni majina ya mitandao: huyu anamwambia aende TikTok, yule anamshauri alipie tangazo Instagram, na mwingine anamtaka atafute mtu maarufu amvalie nguo zake. Nimeona niandike kwa kirefu kwa sababu naamini majibu hayo yanaruka hatua ya kwanza, na anayeumia zaidi kwa kuruka hatua hiyo ni yule mwenye fedha kidogo.

Nguo ni bidhaa ngumu kuuzwa kwa picha. Anayenunua simu ya aina fulani anajua kabisa atakachopokea, kwa kuwa simu zote za aina hiyo zinafanana. Anayenunua gauni hajui. Hawezi kuligusa, hawezi kulijaribu, na hawezi kujitazama kwenye kioo akiwa amelivaa. Kwa hiyo kabla ya kulipa anajiuliza kama litamtosha, kama kitambaa ni kizito au kinaonyesha mwili, kama rangi ndiyo hiyo anayoiona, na kama akishatuma fedha yake mzigo utafika kweli. Tangazo la kulipia litakuletea watu wengi zaidi wenye mashaka hayo hayo. Kama ukurasa wako hauyajibu, umelipa ili watu waje, watazame, kisha waondoke.

Msimamo wangu katika uzi huu ni kwamba mwenye bajeti finyu aanze kwa kuyaondoa mashaka ya mnunuzi, kazi ambayo kwa sehemu kubwa haihitaji fedha, na alipie tangazo pale tu ambapo nguo fulani imeshaanza kuuzika yenyewe.

Nianze na picha, kwa sababu ndizo mizani ya duka lako. Simu ya kawaida inatosha kabisa, ila mwanga ndio unaoamua. Simama karibu na dirisha kubwa wakati jua haliingii moja kwa moja, kisha zima taa zote za ndani, kwa kuwa mwanga wa balbu una unjano na ule wa dirisha una ubluu, na kamera inapokutana na yote mawili kwa pamoja inashindwa kuamua rangi nyeupe ni ipi. Hapo ndipo nguo ya rangi ya maziwa inapotoka ya manjano, na mteja anapoipokea anasema ametumiwa kitu kingine. Upande usio na dirisha weka shuka jeupe au karatasi kubwa nyeupe ili irudishe mwanga kwenye kivuli. Futa kioo cha kamera, maana alama za vidole hufanya picha nzima ionekane ina ukungu. Usitumie kichujio cha rangi hata kidogo.

Kila nguo ipigwe mbele, nyuma, na kwa karibu sana kwenye kola, mshono, zipu au vifungo. Kisha ongeza picha moja ambayo wauzaji wengi hawaifikirii: ingiza mkono ndani ya nguo, utandaze kitambaa juu ya vidole, na upige. Mnunuzi ataona mwenyewe kama kinapitisha mwanga, na swali la kwamba gauni linahitaji shumizi au halihitaji linakuwa limejibiwa bila mtu kuandika neno. Kama unaweza, weka pia video ya sekunde chache ya mtu akitembea na kugeuka akiwa ameivaa, kwa sababu jinsi kitambaa kinavyoanguka na kuyumba hueleza uzito wake kuliko maelezo yoyote. Taja urefu wa aliyevaa na saizi aliyovaa.

Jambo la pili ni vipimo, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo oda nyingi zinapofia. Herufi za S, M na L hazina kipimo kimoja kinachofuatwa na viwanda vyote. M ya kiwanda kimoja inaweza kuwa L ya kingine, na hata nguo mbili za kiwanda kimoja zinaweza kutofautiana kwa sababu ya mkato au kitambaa. Kwa hiyo kuandika "saizi zote zipo" hakumsaidii mnunuzi. Laza nguo juu ya meza bila kuivuta, chukua utepe wa fundi, pima kutoka kwapa hadi kwapa, kisha zidisha mara mbili upate mzunguko wa kifua. Pima kiuno na nyonga kwa njia hiyo hiyo, kisha upime urefu kutoka begani hadi chini, na kwa suruali pima pia mshono wa ndani ya mguu. Andika vipimo hivyo kwa sentimita chini ya kila nguo, na useme wazi kuwa ni vipimo vya nguo yenyewe, kwa kuwa vipimo vya mwili ni kitu kingine na nguo huhitaji nafasi ya ziada ili mtu apumue na kukaa.

Kisha mwelekeze mteja achukue nguo yake mwenyewe inayomkaa vizuri, ailaze na kuipima vivyo hivyo, halafu alinganishe. Hakuna njia rahisi kuliko hii. Wengi hawana uhakika wa vipimo vya miili yao, na wengine wanaona aibu kuvitaja kwa muuzaji wasiyemjua, lakini kupima gauni lililoko kabatini hakumpi mtu aibu. Video fupi inayoonyesha namna ya kupima utaitengeneza mara moja tu na kuituma kwa kila anayeuliza.

La tatu ni bei. Naomba niseme bila kuzunguka: tabia ya kuandika "bei njoo inboksi" inawafukuza wanunuzi. Muuzaji anadhani analeta mazungumzo, lakini mnunuzi anasoma kwamba bei itapangwa kwa kumtazama usoni, au kwamba ni kubwa kiasi cha kufichwa. Wale wachache wanaokuja kuuliza, wengi wao wanataka kujua bei tu, nawe unatumia siku nzima kujibu swali ambalo mstari mmoja chini ya picha ungelijibu. Weka bei, weka gharama ya usafirishaji au namna inavyokokotolewa, weka muda wa kufika, weka masharti ya kubadilisha nguo isiyotosha. Kuhusu masharti, andika kile tu unachoweza kukitimiza.

Baada ya hapo ndipo tuzungumzie mahali pa kutangazia. Watu wa kwanza kuambiwa ni wale wanaokufahamu, na chombo chao ni WhatsApp Business, programu iliyotoka mwaka 2018 na ambayo kuitumia kwa biashara ndogo hakulipiwi. Ina katalogi unayoweza kupanga nguo pamoja na bei zake, ina majibu ya haraka unayoyaandika mara moja kwa maswali yanayojirudia, na ina lebo za kutenganisha aliyeuliza, aliyelipa na aliyetumiwa mzigo. Status hudumu kwa saa 24, hivyo nguo ya leo iwekwe leo, na ikiuzwa iandikwe kwamba imeuzwa, maana kuona vitu vinaondoka humfanya mtazamaji asingoje. Orodha ya kutuma ujumbe kwa watu wengi kwa pamoja hupokea hadi watu 256, ila ujumbe huo humfikia yule tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Kwa hiyo kila unapouza, mwombe mnunuzi aihifadhi namba, na mwulize kama yuko radhi kupokea taarifa za mzigo mpya. Asiyetaka asitumiwe.

Mtandao mwingine chagua mmoja tu wa kuanzia, ule ambao wanunuzi wa aina ya nguo zako wanautumia, kisha uuhudumie vizuri. Kufungua kurasa tano na kuziacha zote zikiwa na vumbi kunamwonyesha mgeni kwamba duka limefungwa.

Karibuni kwa maswali na kwa michango. Suala la tangazo la kulipia nitalieleza kwenye posti inayofuata, kwa sababu lina hesabu.

MWANZISHA UZI (mwendelezo)

Kabla ya kulipia chochote, jua nguo moja inakuachia nini. Chukulia unaiuza kwa 100 ya fedha yoyote. Kuinunua na kuifikisha kwako kumekugharimu 55. Mfuko, ada ya malipo na mambo madogo ni 8. Punguzo na hasara ya nguo zinazorudishwa, ukigawa kwa kila nguo, tuseme ni 7. Imebaki 30. Ukitaka nusu yake ikae kwako, basi huwezi kutumia zaidi ya 15 kumpata mnunuzi mmoja kwa tangazo. Hiyo ndiyo dari yako, na kila tangazo lipimwe kwa hiyo, bila kujali limependwa na watu wangapi.

Sasa tazama jambo hili kwa karibu. Tuseme tangazo lako linawaleta watu kwenye WhatsApp, na kati ya kila kumi wanaoandika, mmoja ananunua. Maana yake kila anayeandika asikugharimu zaidi ya 1.5. Lakini ukiwa na vipimo, picha ya kitambaa juu ya vidole, bei iliyo wazi, na ukijibu kabla mtu hajapoa, huenda wakanunua wawili kati ya kumi. Hapo unaweza kulipa hadi 3 kwa kila anayeandika na bado ukabaki ndani ya dari yako. Tangazo ni lile lile, mtandao ni ule ule, na bei ya tangazo haijashuka hata kidogo. Kilichobadilika ni kilichomngoja mteja alipofika. Ndiyo sababu nasisitiza kuanza na picha na vipimo.

Matangazo ya Facebook na Instagram huuzwa kwa mnada unaofanyika kila nafasi ya tangazo inapopatikana. Kinachoshindanishwa kwenye mnada huo si fedha peke yake, kwani mfumo hutazama pia uwezekano wa mtu huyo kufanya unachotaka afanye, na ubora wa tangazo lenyewe. Muuzaji mdogo mwenye picha inayoeleweka anaweza kumshinda mwenye fedha nyingi aliyeweka picha inayopitwa tu. Hapo pia ndipo lengo unalolichagua linapokuwa na uzito. Ukichagua lengo la kupata watazamaji au wapendaji, mfumo utakutafutia watu wenye mazoea ya kutazama na kupenda. Ukichagua lengo la ujumbe au mauzo, utakutafutia wenye mazoea ya kuandika na kununua. Kitufe cha kukuza posti ni chepesi kubonyeza, na wengi hukibonyeza bila kutazama lengo lililowekwa ndani yake.

Meta, kampuni inayomiliki mitandao hiyo miwili, hueleza kwamba seti moja ya matangazo, yaani kundi la matangazo lenye bajeti moja na walengwa wale wale, huhitaji takribani matokeo 50 (kwa mfano ujumbe au mauzo) kwa wiki ili mfumo utulie katika kujifunza nani anakufaa. Mwenye bajeti ndogo akigawa fedha yake kwenye matangazo matano tofauti, hakuna hata moja litakalofika huko. Weka seti moja, eneo ambalo kweli unaweza kufikisha mzigo, umri na jinsia ya wanunuzi wako, kisha uiache kwa siku kadhaa. Kila badiliko kubwa unalofanya hurudisha mafunzo hayo mwanzo. Najua inavyouma kuona fedha inatoka bila oda siku ya kwanza, lakini kuhangaika na vitufe kila asubuhi kunaimaliza bila kukufundisha kitu.

Na nguo ya kutangaza ni ipi? Ni ile iliyokwisha kuuzika bila tangazo, yaani iliyoulizwa sana kwenye status, au ambayo video yake imehifadhiwa na kutumwa kwa wengine kuliko nyingine. Vilevile, kabla hujalipa, ingia kwenye maktaba ya matangazo ya Meta, ambayo iko wazi kwa kila mtu bila malipo, utafute maduka ya nguo zinazofanana na zako. Utaona matangazo waliyonayo sasa hivi pamoja na tarehe yalipoanza. Tangazo lililoendelea kwa miezi kadhaa lina uwezekano mkubwa wa kuwa linaleta fedha, kwa sababu ni vigumu mtu kuendelea kulipia hasara. Jifunze limepigwa vipi na linaanza na maneno gani, lakini picha na maneno yawe yako.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Mkuu, ahsante kwa somo. Mimi tatizo langu ni wafuasi. Ukurasa wangu una watu wachache mno, na nadhani mgeni akifika anaona duka halina watu, anaondoka. Nimeambiwa ninunue wafuasi ili ukurasa uonekane na uzito, kisha wa kweli watafuata. Je, kuna ubaya?

MWANZISHA UZI

Ndugu, ubaya upo na ni mkubwa. Wafuasi wa kununuliwa ni akaunti zisizo na mtu, au zenye mtu asiyejali nguo zako. Unapoweka posti, mtandao hupima inavyopokelewa na wale inaowaonyesha kabla ya kuieneza zaidi. Ukiwa na maelfu ya akaunti zisizobonyeza chochote, unajionyesha kwa mfumo kuwa posti zako hazina mvuto. Mnunuzi naye si kipofu: anaona wafuasi wengi na maoni mawili chini ya kila picha, na mashaka yake yanaongezeka badala ya kupungua. Mitandao yenyewe pia inakataza jambo hili na huziondoa akaunti hizo mara kwa mara.

Idadi ya wafuasi imepungua umuhimu kuliko zamani. TikTok, na Reels, yaani video fupi za Instagram zilizoanza mwaka 2020, humwonyesha mtu video za watu asiowafuata kwa kutazama anachopenda. Video ya ukurasa mdogo inaweza kufika mbali ikiwa watu wanaitazama hadi mwisho. Kwa hiyo sekunde za kwanza zionyeshe nguo yenyewe au tatizo ambalo nguo hiyo inalitatua, kwa mfano shati ambalo halifunguki kifuani mtu anapoketi. Salamu ndefu na jina la duka vinaweza kusubiri.

Kuhusu mgeni kuona duka halina watu, mpe ushahidi mwingine. Waombe wanunuzi wako wakutumie picha wakiwa wamevaa, na kwa ridhaa yao uziweke pale juu ambapo mgeni hutazama kwanza. Picha sita za watu halisi wenye miili tofauti zina nguvu kuliko tarakimu yoyote.

MCHANGIAJI WA PILI

Naomba kutofautiana kidogo na mwanzisha uzi. Kwa uzoefu wangu, mtu mmoja maarufu akivaa nguo yako, unauza mzigo wote kwa wiki moja. Kupima sentimita ni vizuri, lakini watu wananunua mvuto. Nguo huvaliwa kwa sababu fulani ameivaa.

MWANZISHA UZI

Dada, sipingi kwamba watu hununua mvuto, na kwa mwenye fedha ya kutosha njia hiyo inafanya kazi. Hofu yangu ni kwa mwenye bajeti finyu anayeiweka yote kwa mtu mmoja, kwa posti moja, ambayo baada ya siku mbili imezama. Ikishindikana, hana fedha ya kujaribu tena.

Kwa hali hiyo, ni afadhali kuwatafuta watu wenye wafuasi wachache lakini wanaozungumza nao kweli. Soma maoni chini ya posti zao. Ukiona watu wanauliza nguo aliyovaa aliinunua wapi, naye anawajibu, huyo anakufaa kuliko mwenye kundi kubwa linaloacha vikopa tu. Mpe nguo, mpe pia neno la punguzo lililo la kwake peke yake, ili kila anayelitaja wakati wa kununua ujue ametokea kwake. Bila kipimo hicho hutajua ni nani wa kumrudia. Yaandikwe makubaliano, hata kwa ujumbe mfupi: atapiga video ngapi, lini, na kama unaruhusiwa kuitumia video hiyo kwenye matangazo yako. Ruhusa hiyo mara nyingi ina thamani kuliko posti yenyewe, kwa kuwa video nzuri ya mtu akivaa na kueleza inavyomkaa ndiyo utakayoilipia baadaye. Na aseme wazi kwamba amepewa nguo. Marekani, Uingereza na nchi nyingine zina kanuni zinazodai hivyo, na hata pasipo kanuni, mnunuzi anastahili kujua.

MCHANGIAJI WA TATU

Mimi nauza mtumba wa daraja la kwanza, kila nguo ni moja tu. Je, haya ya tangazo la kulipia yananihusu? Nikilipia gauni moja, likiuzwa saa moja baadaye, wengine wote wanaoandika nawaambia limeisha.

MWANZISHA UZI

Swali zuri sana, na nashukuru umelileta kwa sababu ni biashara mbili tofauti zinazoitwa jina moja. Kwa nguo za moja moja, usilipie nguo. Ukilipia, litangaze duka: video ya wewe ukifungua mzigo, ukipanga, ukionyesha aina ya vitu vinavyopatikana kwako na siku unayoweka vipya, na mwisho umwelekeze mtazamaji kwenye kundi au orodha yako ya WhatsApp. Unachonunua kwa tangazo hilo ni mtu wa kudumu anayengoja siku ya mzigo.

Siku na saa viwe vile vile kila wiki. Watu wakishazoea, watakuwa wanakungoja wao, na nguo zitaondoka bila tangazo. Onyesha baadhi siku moja kabla, zikiwa na vipimo na bei, na weka utaratibu unaoeleweka wa nani anapewa: anayeandika kwanza na kulipa ndani ya muda uliotajwa. Usimwekee rafiki nguo pembeni. Katika nguo za moja moja, mnunuzi aliyeona ameonewa harudi tena, na atawaambia wengine kwa nini.

Wewe pia una faida ambayo wenye nguo za viwandani hawana. Kila kipande kina maelezo yake ya pekee, kwa hiyo hukosi kitu cha kuonyesha. Na kasoro itaje kabla mnunuzi hajaiona. Piga picha ya doa dogo au mshono uliorudiwa, uandike lilipo. Anayenunua akijua hana cha kulalamikia, na anayekuona ukitaja kasoro anaamini maelezo yako mengine.

MCHANGIAJI WA NNE

Binafsi niliwahi kutuma fedha kwa duka fulani mtandaoni na nikaletewa kitu tofauti kabisa na picha. Tangu hapo siwaamini wauzaji wapya. Sasa mimi mwenyewe nimeanza kuuza, na naona wateja wananitazama kwa jicho lile lile. Nifanyeje bila fedha ya kujitangaza?

MWANZISHA UZI

Pole sana. Uliyopitia ndiyo mzigo ambao kila muuzaji mwaminifu anaubeba kwa ajili ya makosa ya wengine, na kwa kuwa umekaa upande wa mnunuzi, unajua kipi kingekutuliza.

Usitumie picha za kiwandani wala za duka jingine. Mnunuzi mwangalifu huipeleka picha kwenye utafutaji wa picha wa Google, na akiikuta kwenye maduka kumi anajua huna nguo hiyo mkononi. Picha yako mwenyewe, hata ikiwa na ukuta wa kawaida nyuma yake, inathibitisha kwamba nguo ipo. Akisita, jitolee kumpigia video umwonyeshe hiyo nguo akiwa anatazama. Ukishapokea malipo, piga video fupi ukiikagua, ukiikunja na kuifunga, kisha umtumie pamoja na namba ya kufuatilia mzigo kama msafirishaji anayo. Video hiyo inakulinda na wewe pia, iwapo mtu atadai nguo ilifika ikiwa imechanika.

Siku mbili au tatu baada ya mzigo kufika, mwandikie umwulize kama imemkaa. Wauzaji wengi wanaogopa ujumbe huu kwa sababu unaweza kuleta lawama, lakini lawama inayokuja kwako inatatulika, na isiyokuja inapelekwa kwa watu wengine. Aliyeridhika ndiye wa kuombwa picha, ndiye wa kuambiwa kwanza mzigo mpya unapofika, na kumuuzia mara ya pili hakuhitaji tangazo lolote.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Mkuu, nimekuelewa. La mwisho kwangu: nikiwa na fedha kidogo leo, nizigawe vipi?

MWANZISHA UZI

Mimi ningeanza na utepe wa kupimia, shuka jeupe, hanga chache zinazofanana, na mifuko imara yenye jina la duka na namba yako. Hayo ni gharama ndogo za mara moja. Fungu la pili ningeliweka kwenye nguo mbili au tatu za kuwapa watu wanaofaa wavae na kupiga video. Fungu linalobaki ningelishika bila kuligusa hadi nguo mojawapo ijionyeshe kwa maswali na oda, na iwe na saizi za kutosha ghalani, ndipo ningelilipia tangazo la nguo hiyo moja kwa lengo la ujumbe, huku nikiwa na nafasi ya kujibu siku hizo zote. Usilipie tangazo siku ambayo unasafiri au una msiba.

Kwa kila oda, mwulize mnunuzi aliliona duka lako wapi, na uandike kwenye daftari pamoja na nguo aliyonunua, saizi na eneo anakoishi. Usitegemee takwimu za mtandao peke yake, kwa kuwa tangu Apple walipoanza mwaka 2021 kuwataka wenye iPhone watoe ruhusa kabla programu haijafuatilia shughuli zao kwenye programu nyingine, sehemu ya mauzo haionekani kwenye ripoti za matangazo. Mwisho wa mwezi fungua daftari hilo utazame safu ya "aliliona duka wapi". Mwezi unaofuata ongeza fedha kwenye mahali palipoandikwa mara nyingi zaidi, hata kama si mahali ulipopapenda, na ukiona wengi wameandikwa "nimeambiwa na rafiki", sehemu ya fungu la tangazo igeuze kuwa punguzo kwa yule rafiki aliyewaleta.